Kompyuta Inayokaa Pemba

Haya ni maneno niloyasema Wete, Jumamosi moja baada ya sala ya Alasiri, kwenye baraza ya skuli, mbele ya wazee wa wanafunzi na walimu wao. Kijana mmoja alinirikodi kwa simu na mie nimeyaandika kama yalivyotoka, nimeondoa tu pale niliposimama kunywa maji na pale kitoto kilipolia.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, walimu na vijana hamjambo. Nimekuja na gari ya 606 kutoka Chake na hii kompyuta mnayoiona juu ya meza nimeipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Mwenyewe yuko hapa hapa Wete, aliniletea wiki iliyopita kasema nzito, inazima zima, nikamwambia siifungui mpaka siku ya mkutano, ntaifungua mbele ya watu, akakubali kwa sharti nisimtaje jina. Basi simtaji, lakini mkiona mtu anaangalia miguu yake muda wote nyinyi wenyewe mtajua.

Mwalimu mkuu aliniuliza kama nataka projekta. Nkamwambia sitaki, nataka bisibisi na brashi ya rangi ambayo haijaguswa rangi. Mie si mtu wa kusoma slaidi. Nimejifunza ufundi kwa ami yangu aliyekuwa akitengeneza redio na mapasi pale Chake, ndo hata watu wakaanza kuniita Bi Fundi, na kazi nnayoijua ni ya kufungua kitu nikakiangalia.

Jambo langu leo ni moja tu. Ukiingia YouTube kutafuta namna ya kutunza kompyuta utamkuta mzungu kavaa sweta, anakwambia futa vumbi, fanya apdeti, basi kamaliza. Anasema ya kwao na anasema kweli. Lakini hakwambii chumvi, hakwambii umeme unaokatika na kurudi mara tatu kabla ya Magharibi, hakwambii sisimizi. Kompyuta yako haikai kwao, inakaa Pemba, na maradhi yake ni ya hapa hapa, kwa hiyo na matunzo yake lazma yawe ya hapa.

Kwanza niulize. Mama zangu, nani ana cherehani nyumbani? Nyanyueni mikono. Mashaallah, karibu wote. Nani anaitia mafuta? Wote. Nani ameshawahi kufungua pale chini penye kibobo akatoa nyuzi na vumbi? Wote tena. Haya, nani hapa ameshawahi kuisafisha kompyuta ndani? (Ikanyanyuka mikono miwili, na mmoja ni wa mwalimu wa kompyuta, kwa hiyo nikauhesabu nusu.) Mnaona? Ile ya chuma ambayo hata ukiiangusha haifi mnaibembeleza, hii yenye vitu vyembamba kuliko unywele mmeiacha na Mungu wake.

Tuifungue. Ubavu wa kompyuta hii unafungwa kwa parafujo nne huku nyuma. Natafuta... naona mbili. Mwalimu naomba uandike hapo ubaoni, mbili. Sogeeni msiogope, haina umeme, nimeichomoa na nimeshabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili ule umeme uliojificha ndani umalizike, na mie hapa mkono nimeugusisha kwenye chuma cha kasha lake kwanza, mana mwili wetu nao una umeme mdogo unaoweza kuua kitu humu ndani na wewe mwenyewe usihisi chochote.

Sasa tizameni. Hili mnaloliona juu ya feni kama zulia la kijivu ni vumbi, nywele, nyuzi za makanga na chumvi ya bahari, vimeshikana vikawa kama sufi ya mto. Nalivuta na kucha linatoka zima zima, hilo. Hapa pembeni mayai mawili ya mjusi, meupe, yamebandikwa juu ya waya kama peremende. Njia hii nyembamba nyeusi ya sisimizi, wamefuata nini sijui, visheti labda. Na huku kwenye matundu ya nyuma ya kuchomekea nyaya, anayeona mbali aje karibu, hii rangi ya kijani ndo shaba inavyolika, unyevu na chumvi vikikutana na shaba matokeo yake ni hayo.

Kazi ya hili feni ni kupoza hichi kichuma chenye mapezi mapezi, na kichuma kinapoza prosesa iliyo chini yake, ambayo ndo inayopiga hesabu zote. Mapezi yakiziba hewa haipiti, joto linapanda, prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza kasi zenyewe zisiungue, na zikizidiwa zinazima ghafla. Wewe huko nje unaona imekuwa nzito, unasema ina virusi, unampelekea kijana akuwekee Windows mpya, unatoa pesa, anakuwekea. Windows mpya juu ya vumbi la mwaka juzi! Wiki ya pili ni yale yale na kijana unamwita mwizi, masikini naye kafanya ulichomwambia.

Kuisafisha hivi. Unaitoa nje barazani, sio ndani mana vumbi litarudi kwenye godoro. Unapiga brashi laini polepole, huku feni umelizuia kwa kidole au kijiti lisizunguke, khasa kama unatumia mashine ya upepo, mana feni likizungushwa na upepo kwa kasi lisiyoizoea beringi yake inaharibika. Usipulize kwa mdomo, mdomo una mate, umetoa vumbi umetia maji. Usitumie kitambaa kibichi humu ndani. Na ile mashine ya kufyonza vumbi ya zulia msiilete karibu, inazalisha umeme ule ule mdogo niloutaja. Lini? Mie nasema mara moja mwezi wa pili kabla ya masika, mara moja masika yakimaliza, na wanaokaa ufukweni waongeze ya tatu. Kwa laptopu si kila mtu afungue, kama huna bisibisi ndogo na subira piga brashi matundu ya hewa tu kwa nje kila mwezi, ya ndani mletee fundi mara moja kwa mwaka.

Pahala pa kuiweka nako ni nusu ya matunzo. Naingia nyumba za watu nakuta meza ya kompyuta imewekwa chini ya dirisha lile lile linalopokea kusi, ati mtoto apate upepo akisoma. Mtoto anapata upepo, kompyuta inapata bahari. Isogezeni ukuta mwengine. Halafu ule mtindo wa kuifunika kitambaa cha kufuma, mie nausifu, mzuri kabisa, ilimradi kompyuta iwe imezimwa na imeshapoa. Nimeshaikuta inafanya kazi imefunikwa gubigubi kama biharusi, matundu ya hewa yote yamezibwa na maua ya pinki, inachemka humo ndani.

Na usiifungie. Wako watu wananunua laptopu ya heshima wanaiweka kabatini, inatoka mwezi wa Ramadhani na mwezi wa mitihani. Masika yote imekaa kwenye giza na unyevu, unaifungua unakuta skrini ina madoa ya ukungu na kibodi herufi tatu hazibonyezeki. Kompyuta inayowashwa angalau mara moja kwa wiki, saa moja tu, lile joto lake lenyewe linafukuza unyevu. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vimeandikwa usile, msivitupe, vinavuta unyevu, vitieni kwenye mkoba wa laptopu.

Sasa umeme, na hapa ntakaa kidogo mana meza yangu ya kazi pale Chake imejaa maiti za umeme.

Wazee mnaukumbuka umeme wa majenereta ya Wesha, kabla waya haujaja kwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga mwaka 2010. Na wenzetu wa Unguja wanao msiba wao, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kiza. Sie watu wa visiwa kukatika umeme hatukushangai tena, tunawasha tochi ya simu tunaendelea kula. Tatizo ni kwamba tumezoea kukatika tukasahau kurudi. Ukikatika, kompyuta inazima, unapoteza barua ulokuwa hujaihifadhi, unaudhika, yamekwisha. Ukirudi, mafriji ya mtaa mzima, mapampu, mafeni, yote yanaanza kuvuta kwa wakati mmoja, umeme unashuka unapanda, badala ya volti 230 unaletewa kitu chengine kabisa, sekunde mbili tatu tu, na sekunde mbili zinatosha kuunguza pawasaplai, kile kinachoigawia kompyuta umeme.

Kwa hiyo tabia ni hii na haina gharama hata senti. Umeme ukikatika, chomoa. Usizime swichi ukasema inatosha, chomoa plagi itoke. Ukirudi ngoja dakika kumi ndo uchomeke. Watoto wafundishwe, awe yeyote aliye karibu, kama vile mvua ikitishia mtu anavyokimbilia kuanua karafuu hata kama si zake, haulizi nani kaanika.

Najua ugumu wake mana mie fundi mwenyewe umenipata. Ramadhani moja, tumeshafuturu, umeme ukakata, laptopu yangu ilikuwa kwenye chaja. Nkasema ntachomoa, mwanzo nipeleke hii sahani ya tambi kwa jirani. Sikukaa, wallahi hata kukaa sikukaa, niko mlangoni kwake namkabidhi sahani taa zikawaka, mtaa ukapiga kelele za furaha kama kawaida, na mie nkapiga na wao. Harufu niliikuta ndani. Chaja ilikuwa imeyeyuka ubavu mmoja na laptopu haikuwaka tena. Fundi! Nilikaa wiki nzima siwaambii wateja.

Mwenye uwezo anunue UPS, na ajue anachonunua. Stabilaiza inausawazisha umeme usipande sana wala usishuke sana, lakini ukikatika nayo inakatika. UPS ina betri ndani, inakupa dakika chache uhifadhi kazi yako na uzime kwa adabu, haikukusudiwa uendelee kuangalia mpira. Betri ile ni ya risasi na asidi kama ndugu yake wa gari, miaka mitatu mpaka mitano, na kwa joto letu ihesabuni hiyo mitatu. Mie nilinunua moja mjini, duka silitaji, boksi jipya linang'aa, betri ilikuwa imekufa kabla haijanifikia na muuzaji akaniambia labda umeme wa kwetu ndo haujaizoea. Toka siku hiyo nanunua hivi, naiomba ichajiwe dukani kwanza, nachomeka taa ya kawaida, naichomoa ukutani, nahesabu. Taa ikizima kabla sijafika hata mia narudisha. Na mashine ya kuprinti ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo ikianza kupasha, utaiua.

Halafu lipo hili la kalamu. Msicheke, mnalijua. Soketi ina matundu matatu, chaja ina pini mbili, mtu anachukua kalamu anaitumbukiza tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, anachomeka. Inaingia lakini haikazi, inacheza cheza, inatoa cheche, na kila cheche ni pigo kwa chaja. Adapta zinauzwa kila duka la vifaa vya umeme, nunueni, na kalamu muwape watoto waandikie.

Laptopu kwa haraka. Inavuta hewa kwa chini, ukiilaza kwenye godoro umeiziba pua. Weka juu ya kitu kigumu, hata sinia, hata kibao cha chapati, mie sijali. Usiiache kwenye gari juani bandarini ukingoja boti. Betri yake haipendi joto wala haipendi kukaa asilimia mia siku zote, laptopu nyingi za sasa zina sehemu ya kuziambia ziishie kuchaji asilimia 80, ukiikuta iwashe. Na usiinyanyue kwa kushika pembe ya skrini. Na halua, jamani, nimeona nisirudi Chake sijalisema hili, halua ya Wete tamu na mie mwenyewe leo sirudi bila yake, lakini mkono wenye halua ukigusa kibodi sisimizi wanapata habari kabla yako.

Haya, tumemaliza ya chuma, twende ya ndani ambayo hayaonekani.

Diski ikijaa kompyuta inakuwa nzito, kama ghala isiyo na pa kukanyaga. Fungua This PC, angalia pale penye C, ndo diski yenyewe, kama ule mstari umegeuka mwekundu ujue umechelewa. Acheni angalau moja ya tano iwe tupu. Na kinachojaza nakijua bila kuuliza, ni video za harusi. Harusi moja ya Pemba, sherehe zote, kwa kamera hizi za sasa, ni GB sitini, na mtu anazo harusi tano na zote zimekopiwa mara mbili, moja imeandikwa Harusi na nyengine Harusi Mpya. Kaa siku moja na bibi harusi wako mfute pacha. Kisha folda ya Downloads, ingieni leo usiku mtastaajabu wenyewe. Kisha Recycle Bin muimwage, mana ulichotia mule bado kinakaa kwenye diski.

Pili, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, itakuja orodha, nenda palipoandikwa Startup. Hizo ni programu zinazoamka na kompyuta kila asubuhi, uzitake usizitake. Zima usizozitumia kila siku. Antivirasi usiizime, hizo za michezo na za kudaunlodi filamu zima, hutofuta kitu, ukizihitaji utazifungua mwenyewe.

Kuhusu antivirasi, Windows 10 na 11 zinakuja na yao, inaitwa Defender, na kwa mtu wa nyumbani inatosha kabisa ikiwa imewashwa na inapata apdeti. Msitie mbili, zinavutana, kila moja inaichunguza mwenzake na kompyuta inabaki kuwa uwanja wa ngumi. Na anayekuwekea programu ya wizi akakwambia izime antivirasi kidogo nikuwekee hii, ebu jiulize, mgeni anayetaka mlinzi atolewe kwanza mlangoni ana nia gani.

Flashi. Flashi ndo popo wetu, inabeba maradhi pahala kwa pahala. Umekwenda pahala pa kuprinti, umechomeka, umetoa, umerudi nyumbani umechomeka, mafolda yote yamegeuka kuwa shotikati ndogo zenye mshale. Watu wengi hapo wanaformati, yaani wanafuta kila kitu, wakilia. Usiformati! Mara nyingi mafaili yako yamo, kirusi kimeyaficha tu kikakuwekea milango ya uongo ili ubonyeze kiingie. Usibonyeze shotikati hata moja. Ipitishe antivirasi mwanzo, kisha ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, utayakuta. Usipoweza nileteeni, kazi ya dakika tano ile, iko amri moja inaitwa attrib inayafunua yote. Na kwa kuprinti, kama unaweza, jitumie faili kwa barua pepe uifungulie pale, flashi ibaki nyumbani.

Na apdeti, hapa mtaniambia Bi Fundi bando. Najua. Mtu ananunua bando, anaunganisha kompyuta na simu, Windows inalimeza lote kabla hajafungua hata barua, basi anazima apdeti moja kwa moja na anakaa miaka. Kuna njia ya kati. Nenda kwenye mpangilio wa ile Wi-Fi ya simu yako, uiwekee kwamba ni ya kupimwa, imeandikwa Metered, Windows itajua bando ni la kuhesabu na itazuia apdeti kubwa. Kisha mara moja kwa mwezi ipeleke kompyuta penye intaneti isiyohesabiwa, kazini, kwa shemeji, popote, kwa ruhusa yao, iache ile ishibe.

Nifike kwenye bekapu, yaani nakala za akiba. Hapa sitotania.

Alikuja mama mmoja dukani kwangu na hadi diski, ile diski ya kuzunguka inayohifadhi mafaili, kaifunga kwenye mtandio. Mumewe amefariki, picha zote zimo humo, na sauti yake imo humo, alikuwa akijirikodi anasoma Kurani. Nkaichomeka, ikaanza kugonga. Tik. Tik. Tik. Mnaoijua sauti hiyo mnaijua, ule mkono wa ndani unaosoma umeshaharibika, na kila ikiendelea kuzunguka inazidi kujikwaruza. Nikaichomoa. Kuifungua kunataka chumba kisicho na chembe ya vumbi, na mie duka langu linaangalia barabara ya magari. Nilimwambia ukweli, na nikamwambia asimpe mtu yeyote aijaribu jaribu. Aliikunja tena kwenye ule mtandio vizuri, kama alivyokuja nayo, akaniuliza nimpe shilingi ngapi.

Kwa hiyo kitu usichokubali kukipoteza kiwe pahala patatu. Kimoja kwenye kompyuta, kimoja kwenye hadi diski ya nje ambayo haikai imechomekwa, na kimoja nyumba nyengine kabisa au kwenye intaneti kama Google Drive. Nyumba nyengine nnasema mana moto hauchagui, na mwizi akiingia anachukua kompyuta na hadi diski iliyo pembeni yake pamoja. Mpe dada yako akuwekee, na wewe umuwekee ya kwake. Walimu, alama za wanafunzi zilizo kwenye flashi moja inayoning'inia na funguo za pikipiki, hizo si bekapu.

Nilisema ntaongea kidogo na naona jua linashuka, naomba maswali.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na nguzo akauliza, mwanangu, jee niizime kila usiku au niiache tu imelala, mana mjukuu wangu anasema kuzima zima kunaiharibu. Nkamjibu, mzee wangu, kuzima hakuiharibu, na kwa umeme wetu zima, tena chomoa. Ila kuna siri. Windows hizi za sasa ukibonyeza Shut down haizimi yote, sehemu ya moyo wake inaihifadhi ili asubuhi iamke haraka. Ukibonyeza Restart ndo inasahau kila kitu na kuanza upya. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mpigie Restart, na kompyuta ikifanya kichaa chochote, kabla hujanipigia mie simu, piga hiyo mwanzo. Nusu ya simu nnazopigiwa usiku zinaishia hapo na mtu anaona haya kunishukuru.

Mwalimu kijana akauliza kuhusu Windows 10. Nkamjibu, Microsoft, wenye Windows yao, waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Haina maana itazima, itafanya kazi kama jana, lakini tundu jipya la kiusalama likigunduliwa halizibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha nyongeza ya muda. Windows 11 inataka kompyuta yenye kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na hizi tunazoletewa zimeshatumika Ulaya na Dubai nyingi hazifiki. Kwa hizo mie naweka Linux Mint, mfumo mwengine badala ya Windows, bure, na kwa mtu wa kuandika barua, intaneti na kuangalia video hatoona tofauti baada ya wiki mbili. Na kama bado ina hadi diski ya kuzunguka mtieni SSD, diski isiyozunguka, hata ndogo ya GB 256. Kitu hicho kimoja kinaifufua kompyuta ya zamani kuliko yote nloyasema leo, na SSD haitaki kufanyiwa difragi, yaani kupangwa upya vipande vya mafaili, anayekwambia uifanyie anaichosha bure.

Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo, uji ukimwagika? Nikamuuliza umeshamwagika? Akasema wa jana. Akina mama wakaangua kicheko. Nkamwambia mama yangu, ukimwagika usiangalie uji, angalia umeme. Chomoa chaja, bonyeza kitufe mpaka izime, kama betri inatoka itoe, ipindue kama hema kibodi iangalie chini, iache. Usiiwashe kujaribu, hapo ndo watu wanapoiua, maji peke yake yangekauka lakini maji na umeme vikikutana vinakula bodi. Mchele hausaidii kitu, unatia wanga tu. Mashine ya kukaushia nywele usitumie. Uji una sukari, ukikauka unanata, kwa hiyo hata ikiwaka kesho ilete isafishwe, mana itakufa mwezi ujao na utasahau kwa nini. Yako ilete Jumatatu, na isiwashwe hata mara moja, hata mtoto akilia.

Na wa mwisho ni kijana mwenye laptopu yake mkononi, kasema pale pa kugusa pamenyanyuka, panabonyea. Nikaichukua nikaiweka chini kwenye meza, ikawa inayumba kama mtumbwi. Nikamwambia hiyo betri imevimba, izime sasa hivi, usiichaji tena, usiibonyeze wala usiitoboe, ina gesi na inaweza kuwaka moto. Utakwenda nayo na mie Chake jioni hii hii, na kwenye gari utakaa nayo wewe.

Ndugu zangu ahsanteni. Hii ya mezani nimeshaifuta, tumeiwasha mmeona wenyewe, feni halisikiki tena, mayai ya mjusi nimeyaweka pale kwenye ua. Mwenyewe akija kuichukua, parafujo zilikuwa mbili, mwalimu kaandika ubaoni, asije akasema nyengine kaziiba Bi Fundi.